Kitabu Kinene na Daftari la Mpishi

Jumatano, mfungo tano

Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa, alasiri, haijapumua. Mto umepanda. Hapa kibarazani nilipo naona maji yamefika kwenye miguu ya dungu letu kule shambani, kile kibanda cha juu tunachokaa kulinda mpunga. Leo hakuna wa kuamia ndege, ndege wenyewe wamejikunyata. Basi nina nafasi, na nina neno.

Nianze na kiroja. Mimi Mwanaidi, mjane wa hapa Mtunda, niliyekwisha kupoteza meno mawili ya mbele, nimekuwa nikichagua kitabu cha kujifundishia Kigiriki. Peke yangu, bila mwalimu. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Sababu yake sijaiandika popote, hata humu. Karatasi hizi ni za bomani, kaniletea mdogo wangu Omari, na Omari ni karani wa Wadachi. Daftari lenyewe nalificha ndani ya kinu kilichopasuka. Lakini leo nisipoandika nitamwambia mtu, na kumwambia mtu ndiko kubaya zaidi.

Mwaka jana, vita vilipoanza, mwanangu Athumani aliondoka. Walikuja watu kutoka upande wa Umatumbi na dawa yao ya maji, wakasema risasi za Wadachi hazitaingia mwilini. Akanywa, akanyunyiziwa, akafungwa bua la mtama kichwani. Ni mwanangu wa pekee. Nililia, nikamshika nguo, akanitoa vidole kimoja kimoja kwa upole. Hakuniaga kwa maneno mengi. Alisema, "Mama, niwekee wali," kama mtu anayekwenda kisimani.

Tangu siku ile kila jioni napima vibaba viwili, changu na chake. Wifi yangu Mwajuma, anayekaa nyumba ya pili, hunisonya. Ati mwenye kufa kafa, tuweke matanga, watu wasome hitima, yaishe. Namwambia sijaona maiti wala sijaletewa habari, matanga ya nani? Asubuhi anakuja kukila kiporo cha Athumani huku akiendelea kunisema.

Sasa la mgeni. Jina lake sikulijua, basi nitamwita mgeni.

Athumani alikuwa hajatimiza nusu mwezi tangu aondoke. Mavuno yalikwisha zamani, madungu yote yalikuwa matupu, nami nilikuwa nimesahau jamvi langu kule juu. Nikapanda kulichukua, nikakuta mtu. Mzungu! Kijana, ndevu hazijakolea, hana viatu, homa inamtikisa mpaka dungu zima linatikisika. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: maji, asante, na Mgiriki. Hilo la mwisho alilisema akijipiga kifuani, nisije nikamdhania Mdachi.

Mwanangu ametoka kwenda kuwaua watu wa rangi yake, nami namnywesha uji.

Nilijua ninachofanya. Nilijisemea, huko Umatumbi yuko mwanamke, na Athumani atapita mlangoni kwake ana kiu. Nimpe huyu, ili yule ampe wangu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo, na sioni haya kuisema. Watu wetu wangemkuta wangemuua. Wadachi wangemkuta kafia kwetu wangetunyonga. Nilimwambia Mwajuma peke yake. Mwajuma alilaani, akaenda kuleta asali.

Siku ya nne, asubuhi, alinishika mkono akasema maneno. Akayarudia. Akanitazama mpaka nikaelewa kwamba anataka niyaseme mimi. Nikayasema, akakataa kwa kichwa. Tena. Akakataa. Mara ya tatu au ya nne nikayapata sawasawa, akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Haikufika adhuhuri. Tulimfunika kaniki yangu mpya, mimi na Mwajuma tukachimba ukingoni mwa shamba, tukamlaza. Leo maji ya mto yako juu yake.

Sasa mtu ataniuliza, nani ahifadhi maneno asiyoyajua maana?

Sisi. Baba yetu alikuwa mwalimu wa chuo. Nikiwa na meno ya utoto nilikwisha kuhifadhi juzuu nzima, sijui maana ya aya hata moja, na mpaka leo ukiniamsha usingizini nitaisoma bila kukosea. Maneno ya mgeni nikayatunza kwa namna hiyo hiyo. Kila nikimaliza kuswali alfajiri nayasema mara saba, chini chini. Miezi minane sasa. Min to pis sti mana mu, as me perimeni.

Nilijua kitu kimoja tu, kwamba huo ni wasia. Mtu anayekata roho hakushiki mkono kukupa hadithi ya sungura. Na wasia usipotimizwa, mwenye kuulizwa ni yule aliyeupokea. Wallahi nimekosa raha. Huenda kataja mji wao. Huenda kuna mtoto. Huenda kuna kitu amekizika mahali kwa ajili ya mama yake. Nami ninatwanga, ninapepeta, ninakoka moto, na maneno yake yananikaa kooni.

Najua, si ningemwendea Mgiriki yeyote nikamsomea? Wako pwani, wananunua magome ya mikoko. Nimsomee, halafu aniulize, "Mama, umeyasikia wapi haya?" Nitamjibu nini? Vita bado havijaisha na kamba bado zinaning'inia. Watu wamenyongwa kwa makosa madogo kuliko Mzungu kuzikwa shambani mwako. Kwa hiyo mwalimu hapana. Nijifundishe mwenyewe, kimya kimya.

Nikamdanganya Omari. Nilimwambia nataka kuuza magome kwa Wagiriki, anitafutie kitabu cha lugha yao. Omari nimembeba mgongoni huyu, namjua akiamini na akijitia kuamini. Alinitazama kitambo, akasema, "Haya, dada."

Mwezi wa mfungo tatu akaja na kitabu. Mtume! Kizito kama jiwe la kusagia, jalada la ngozi, kimetoka katika vitu vya Mzungu mmoja aliyekufa kwa homa. Maelezo yake ni ya Kidachi, Omari akija Ijumaa ananifasiria.

Nilikipenda papo hapo. Ndivyo tulivyo watoto wa chuo: elimu lazima iwe nzito mkononi, ianzie alifu, na isikupe kitu mpaka uteseke kwanza. Nikachanganya wino wa masizi, nikachonga kalamu ya bua, nikautoa ubao wa baba darini. Wiki sita nimeandika na kufuta herufi zao. Alfa, beta, gama. Nikaziimba huku nikiyumba mbele na nyuma kama nilivyozoea. Mwajuma akasikia nyuma ya ukuta, akadhani nimepandwa na shetani, akataka kuniitia mganga.

Katika wiki hizo sita sikupata neno hata moja la mgeni wangu. Nikajilaumu mimi, sikukilaumu kitabu.

Daftari la mpishi lilikuja kwa njia nyingine. Mzee Feruzi, jirani yetu wa upande wa kisimani, aliwapikia Wagiriki wanaojenga reli, Tanga kwanza kisha Dar es Salaam, mpaka sufuria la mafuta likamwagikia mguu akarudi nyumbani. Kila neno aliloambiwa jikoni aliliandika kwa herufi za Kiarabu, na maana yake ya Kiswahili ubavuni. Aliandika ili asipigwe, anasema.

Nilipomwomba aniazime alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kigiriki, Bi Mwanaidi? Kuna posa imekuja tusiyoijua?"

"Posa, Mzee Feruzi? Mimi mwari?"

"Haya. Ila akikuoa usimtilie pilipili. Hawaiwezi wale."

Akanipa, kwa sharti nimpikie wali wa nazi siku tatu. Mpishi naye hupenda kupikiwa.

Nikalifungua nikalidharau. Limejaa manjano na mafuta. Halina alifu wala be, halina mlango wa kwanza wala wa pili. Chumvi. Mkate. Samaki huyu kaoza. Leta kuni, mjinga we. Nikajisemea, wasia wa mtu hauwezi kukaa humu pamoja na vitunguu. Nikalitupa darini nikarudi kwa kitabu changu kinene, nikajiona msomi.

Ijumaa iliyopita Omari akaja, akakaa, akafungua kitabu, akakifunga. Alikuwa na sura ya mtoto aliyevunja mtungi. Akaniambia kwamba ndiyo kwanza ameusoma utangulizi wote. Kigiriki cha humo ni cha kale, cha wenye hekima waliokufa zama za zamani. Wagiriki wa leo hawasemi hivyo sokoni, wala nyumbani, wala popote.

Wiki sita, jamani!

Nilicheka kwanza, halafu nikalia, na Omari hakujua anishike wapi. Nilikuwa nikijifunza lugha ya wafu ili nimsikie kijana aliyekufa mwaka jana.

Basi leo, kwa kuwa mvua imenifungia ndani, nilisema nichague moja. Niliviweka vyote viwili juu ya mkeka. Kitabu kinene huku, daftari huku. Kinene nakiheshimu, lakini hakinijui. Nikanawa mikono kama ninayetaka kula, nikalivuta la mpishi.

Karatasi ya tatu tu. *Min to pis*, usiseme. Usimwambie. Ubavuni Mzee Feruzi ameeleza: bwana wake alikuwa akinywa mvinyo mchana na mkewe hapendi, kwa hiyo kila siku neno ni hilo.

Nikaisoma mara nne. Kisha nikafunua nyingine.

*Perimene*, ngoja. Hilo limo karibu kila karatasi. Ngoja, usipakue. Ngoja, mkate haujaiva. *As erthi*, mwache aje, hilo ni la mgeni akibisha hodi. Tena amejiandikia: nikiambiwa *akuses*, umesikia, nijibu *akusa*, nimesikia, nisisimame nikikodoa macho. Nikaendelea kufunua. Mwisho kabisa ameandika kwa wino mwekundu: matusi, usiyarudie mbele ya watu. Chini yake: *mana*, mama. *Mana mu*, mama yangu. *Mana su*, mama yako, ukisikia hilo kimbia.

Nikacheka. Wallahi nilicheka peke yangu, nikamwona Mzee Feruzi na mguu wake akikimbia. Kicheko kikaniishia mdomoni, maana midomo yangu ilikuwa imeshaanza kuyapanga maneno yenyewe.

Usimwambie mama yangu. Mwache aningoje.

Ndiyo yote. Hakuna mji, hakuna mtoto, hakuna kilichozikwa. Kumbe miezi minane ninajilaumu kwamba sijampelekea habari mama wa watu, na kutokupeleka ndiko alikoniusia. Nimeutimiza wasia kwa ujinga wangu.

Ningepaswa kumshukuru Mungu nikapumzika. Badala yake nilikasirika. Mungu anisamehe, nilimkasirikia maiti. Nani kampa ruhusa? Anajua kungoja ni nini, yeye? Anajua kila mbwa akibweka moyo unaruka? Anajua unavyoona haya kuvaa kanga mpya, kwa kuwa hujui kama uko katika furaha au katika msiba? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ng'ambo kuko mwanamke kama mimi, na huenda naye ana Mwajuma wake wa kumsonya.

Halafu nikamkumbuka Athumani, bua la mtama kichwani, amesimama pale pale mlangoni. Mama, niwekee wali.

Siku zote nilidhani ni neno la njaa. Leo sijui tena. Huenda alijua anakokwenda. Huenda hakutaka nibaki na mikono mitupu, akanipa cha kufanya kila jioni. Sikumlilia tena Athumani alipokwisha kupotea njiani, wala mgeni sikumlilia. Leo nimewalilia, na mvua imenistiri.

Hapo ndipo Omari alipoingia, ameloa chapachapa, ati amekuja kuangalia kama maji hayajanifikia. Akaona daftari mapajani, akaona kitabu chake nimekisogeza pembeni.

"Umechagua, dada?"

"Nimechagua."

"La mpishi?"

"La mpishi."

Akakichukua kitabu chake, akakifunga ndani ya kitambaa cha nta, akakitia kwapani. Nilimpa uji. Akaunywa wote. Kisha akasimama mlangoni, mgongo kwangu, akasema kama anayezungumza na mvua.

"Nilipokuletea kitabu sikukuuliza cha nini, wala sitakuuliza. Ila bomani iko orodha ya Wazungu wasioonekana tangu vita, na mwenye kuiandika ni mimi. Ikishatimia inapelekwa kwao, wasomewe jamaa zao. Yumo Mgiriki mmoja, kijana. Mbele ya jina lake nimeacha nafasi. Sijui niandike amekufa au hajulikani alipo."

Kumbe mdogo wangu anajua, au anajua nusu. Na mimi, ndiyo kwanza nimeelewa nilichoagizwa, papo hapo naulizwa. Asubuhi ya leo angeniuliza hivyo, ningesema amekufa, mwandikie mama yake, na ningeona nimetua mzigo.

Nilimfikiria yule mama. Nilijifikiria mimi. Nilifikiria vidole vyangu kwenye nguo ya Athumani, na vidole vya mgeni kwenye mkono wangu. Omari hakugeuka. Alinipa muda, mtoto mzuri yule.

"Andika hajulikani alipo," nikasema.

"Haya, dada."

Akanitajia jina lake, polepole, mara mbili. Silitii humu. Nimelihifadhi.

Sijui kama nimefanya vyema. Mwajuma angesema nimemfanyia mwanamke mwenzangu ukatili. Labda. Lakini nilimkubalia mtu kwa mdomo wangu, akafumba macho akiniamini. Siwezi kumgeuka sasa kwa kuwa nimekijua alichosema.

Daftari la mpishi simrudishii mwenyewe bado, hata akitaka wali wa mwezi mzima. Maji yakishuka nitakwenda ukingoni mwa shamba, nimwite kwa jina lake, nimwambie *akusa*. Mengine nitajifunza taratibu, neno moja kwa siku, chumvi na mkate na samaki aliyeoza, maana kila neno nililolisikia likitoka kinywani mwake kwa homa nataka kulijua, na hayo ya mwisho hayakuwa peke yake.

Linalonikwama ni moja. Kama huko Umatumbi yuko mwanamke aliyempa mwanangu maji, na leo anaulizwa kama nilivyoulizwa mimi, nimwombee ajibu nini?

Mvua imepungua. Mwajuma anaita kutoka kwake, anauliza kama nimepika.

Nimemjibu kwamba bado. Nimepima vibaba viwili.